Konokono na panya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakiwataja wanyama hawa wawili pamoja, swali la kwanza huwa ni nani mwenye kasi. Jibu lake ni fupi, nimeliweka huko mbele. Swali ambalo ningependa liulizwe zaidi ni hili: kila mmoja wao analipa nini ili aamke kesho akiwa hai? Majibu mengi hapa chini yanazunguka hapo.

## Kwa nini konokono alinganishwe na panya, asilinganishwe na mdudu mwenzake?

Konokono si mdudu. Ni moluska, ukoo mmoja na chaza, ngisi na pweza. Hana miguu sita, hana mabawa, hana pingili.

Nimemchagulia panya kwa sababu wanakaribiana kwa ukubwa na kwa tabia. Panya wa nyumbani aliyekomaa ana gramu 20 hivi. Konokono wa bustani aliyeshiba, ukimpima pamoja na gamba lake, hayuko mbali sana na hapo. Wote wawili hutoka usiku, hula mimea na mabaki, na kukikucha hujibanza kwenye nyufa. Kazi yao inafanana, ila mmoja ana damu moto na mwingine hana, na hilo linabadilisha karibu kila kitu.

## Ni panya yupi hasa, na konokono yupi?

Panya ni yule mdogo wa nyumbani, *Mus musculus*. Panya buku hayumo. Konokono ni wa nchi kavu, hasa yule wa bustani anayeitwa kitaalamu *Cornu aspersum*. Wa majini nitamtaja mara moja tu, kwenye suala la kichocho.

Kirukanjia naye atapitapita humu. Wengi humhesabu kuwa panya kwa sababu ya ukubwa na mkia, lakini si mgugunaji hata kidogo. Mtazame pua: ndefu, iliyochongoka, haitulii. Anakula wadudu, nyungunyungu na, kama utakavyoona, konokono.

## Je, wana asili moja?

Ndiyo, ila ni mbali mno. Babu yao wa mwisho wa pamoja aliishi baharini zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, kabla hapajawa na mnyama yeyote wa nchi kavu. Kila mmoja alipanda nchi kavu kwa njia yake, na kila mmoja akajipatia mapafu kwa njia yake. Konokono hupumua kwa mfuko mmoja ulio chini ya gamba, wenye kitundu upande wa kulia kinachofunguka na kufumba polepole. Ukimvizia akiwa ametulia utakiona. Jirani na kitundu hicho ndipo anaponyea, yaani karibu na kisogo chake. Mwili wake ulijizungusha zamani ndani ya gamba, na njia ya haja ikaishia mbele.

## Gamba la konokono hujikunja upande gani, na panya ana kitu kama hicho?

Konokono walio wengi sana hujikunja kulia. Shika gamba kilele kikiwa juu na mdomo ukikutazama: mdomo utakuwa upande wako wa kulia. Wa kushoto ni nadra mno.

Mmoja wa hao wa kushoto alipata umaarufu mwaka 2016. Aliokotwa kwenye lundo la mboji jijini London na kupelekwa Chuo Kikuu cha Nottingham, akaitwa Jeremy. Tatizo la konokono wa kushoto ni la kimaumbile: viungo vyake vya uzazi viko upande usiolingana na wa wenzake, kwa hiyo kujamiiana nao inakuwa kazi isiyowezekana. Watafiti wakatangaza kumtafutia mwenzi. Wakapatikana wawili wa kushoto, nao wakapendana wao kwa wao kwanza, Jeremy akabaki mtazamaji. Alikuja kupata watoto muda mfupi kabla ya kufa mwaka 2017, na watoto wote walijikunja kulia.

Panya naye ana kushoto na kulia: moyo umeelemea upande mmoja, ini upande mwingine. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba jeni moja, Nodal, inahusika na mpangilio huo kwa konokono kama inavyohusika kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Binafsi hili hunishangaza kuliko kasi na meno.

## Haya basi, nani mwenye kasi?

Panya, bila ubishi. Akikurupushwa hukimbia kilomita 10 hadi 13 kwa saa. Konokono aliyeweka rekodi kwenye mashindano ya konokono ya Congham, Uingereza, mwaka 1995 alimaliza sentimita 33 kwa dakika 2. Ukipiga hesabu ni kama mita 10 kwa saa.

Watu hudhani kwamba mwenye mwendo wa pole anatumia nguvu kidogo. Kwa kila hatua ya umbali, kutambaa juu ya ute ni ghali kuliko kukimbia, kuogelea au kuruka. Mwaka 1980 mtafiti Mark Denny alipima gharama hiyo kwa koa, ndugu wa konokono asiye na gamba, akakuta inazidi mara kadhaa gharama ya kukimbia kwa mnyama wa uzito uleule, na sehemu kubwa ya gharama ni kutengeneza ule ute wenyewe. Yaani konokono anajenga barabara, anaipita, halafu anaiacha nyuma.

Kama unataka kuona mashine hiyo ikifanya kazi, mweke konokono juu ya kipande cha kioo, umsubiri atoke, kisha inua kioo umtazame kwa chini. Utaona mistari ya kivuli ikisafiri kwenye unyayo kutoka mkiani kwenda kichwani, mmoja baada ya mwingine, bila kukatika. Ni misuli inayojikunja kwa zamu. Sehemu kubwa ya unyayo imetulia. Ni ile mistari tu inayosogea.

## Gamba na mfupa si kitu kilekile?

Hapana, ingawa vyote vina kalsiamu. Gamba ni kalsiamu kaboneti, jamii moja na chokaa. Mfupa wa panya ni kalsiamu fosfeti iliyoshikamana na nyuzi za protini. Jaribu kwa siki: tumbukiza gamba tupu, na baada ya sekunde chache litaanza kutoa vijipovu kama soda, kisha litaliwa taratibu. Mfupa mwembamba katika siki hautoi povu la maana. Baada ya siku kadhaa utaweza kuupinda, kwa sababu madini yameyeyuka na nyuzi zimebaki.

Tofauti nyingine ni mahali. Mfupa uko ndani na una damu na seli hai, ndiyo maana hujiunga ukivunjika. Gamba liko nje, na konokono huliongeza ukingoni mwa mdomo tu, kwa ute wenye madini unaotoka kwenye ngozi iitwayo joho. Likipata ufa huliziba kwa ndani, lakini kovu litaonekana daima.

Na hapana, konokono hawezi kuvua gamba akahamia jingine. Ameshikamana nalo kwa msuli tangu akiwa ndani ya yai. Anayehamahama ni kaa anayeazima magamba ya wenzake.

## Ni kweli konokono hana damu?

Anayo, ila haina wekundu. Damu ya panya hubeba oksijeni kwa hemoglobini yenye chuma. Ya konokono hutumia hemosiyanini yenye shaba, na ikishika oksijeni huwa na rangi ya samawati hafifu. Haizunguki muda wote ndani ya mishipa. Humwagika kwenye nafasi za mwilini na kuvilowesha viungo kabla ya kurudi moyoni.

## Mioyo yao hupiga mara ngapi?

Wa panya hupiga mara 500 hadi 600 na zaidi kwa dakika. Kirukanjia wa Etruria, mmoja wa mamalia wadogo kuliko wote duniani mwenye gramu 1.8 tu, moyo wake unaweza kufikia mapigo 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 25 kwa sekunde. Hakuna mtu anayeweza kuhesabu kwa sikio.

Wa konokono hupiga mara makumi kadhaa tu, na idadi hufuata hali ya hewa. Chukua konokono mchanga ambaye gamba lake bado ni jembamba, mshike mbele ya taa: utaona kitu kidogo kikinywea na kutanuka. Hesabu. Kisha mpeleke mahali penye ubaridi, ngoja, uhesabu tena. Mapigo yatakuwa yamepungua. Moyo wa panya mwenye afya haupewi uhuru huo, maana mwili wake lazima ubaki kwenye nyuzi 37 hivi, mvua inyeshe au jua liwake.

## Nani anaweza kukaa muda mrefu bila kula?

Hapa ndipo walipoachana kabisa.

Panya ni mdogo, na mwili mdogo hupoteza joto haraka: ngozi ni nyingi ukilinganisha na nyama iliyomo. Ili abaki na joto lake lazima achome chakula mfululizo. Kwa siku hula gramu 3 hadi 5, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 akila kwa kiwango hicho angehitaji kilo 12 za chakula kila siku. Akinyimwa, panya ana ujanja mmoja: hushusha joto la mwili kwa saa kadhaa na kuzubaa. Unamfaa kwa muda mfupi. Siku chache zikipita bila chakula, ndiyo mwisho wake.

Kirukanjia ana hali mbaya zaidi. Lazima ale kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Kwa baadhi yao, wale wanaoishi penye majira ya baridi kali, hata fuvu la kichwa husinyaa baridi ikifika na kukua tena joto likirudi, pamoja na ubongo uliomo. Ubongo ni kiungo ghali kukilisha, basi anaupunguza.

Konokono yeye hufunga mlango. Ukame ukija huingia ndani, hujibandika kwenye mti au ukuta, na kuziba mdomo wa gamba kwa utando wa ute unaokauka kama karatasi. Moyo unapunguza mwendo, pumzi zinakuwa za kuhesabika. Hana joto la kulinda, kwa hiyo hana kuni za kuchoma. Wengi hukaa hivyo kwa miezi.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha konokono wa jangwa la Misri. Tarehe 25 Machi 1846 alibandikwa kwa gundi kwenye kadi katika jumba la British Museum, akidhaniwa kuwa ni gamba tupu. Miaka minne ilipita. Mwezi Machi 1850 mtu akagundua utando mpya kwenye mdomo wa gamba, akalitia kwenye maji ya uvuguvugu. Konokono akatoa kichwa. Akapewa kabichi, akala, akaishi miaka mingine miwili.

Panya aliyebandikwa kwenye kadi asingefika wiki.

## Konokono ana meno?

Maelfu. Yamejipanga kwenye utepe mgumu mdomoni uitwao radula, unaokwangua chakula kama tupa. Konokono wa bustani ana zaidi ya 10,000. Ya mbele yakilika, safu mpya husogezwa kutoka nyuma. Ukimpa jani la mchicha usiku uliotulia na kusogeza sikio, unaweza kusikia anavyokwaruza.

Panya ana meno 16 tu, lakini yale manne ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Asipogugunaguguna yatampita mdomo. Kila mmoja ana suluhisho lake kwa tatizo lilelile la jino kuisha.

Tumboni pia wanapishana. Juisi ya tumbo la konokono ina nguvu kiasi kwamba maabara huitumia kuyeyushia kuta za seli za hamira. Panya hutegemea bakteria kwenye utumbo wake, na kwa kuwa virutubisho vingine hutengenezwa mwishoni mwa njia, hula sehemu ya kinyesi chake ili kuvipata mara ya pili. Na kama una watoto nyumbani: mpe konokono karoti leo, kesho kinyesi kitakuwa cha rangi ya karoti.

## Konokono anasikia? Anaona?

Hasikii. Hana masikio kabisa, kwa hiyo kumpigia kelele ni kujichosha. Macho yapo kwenye ncha za pembe mbili ndefu za juu, na hutofautisha mwanga na kivuli bila kuchora picha safi. Pembe ikikatika huota tena, jicho likiwemo. Zile mbili fupi za chini ni za kunusa na kugusa, na kwa harufu ndipo anapoijua dunia.

Panya ni kinyume chake. Anasikia hadi karibu kilohezi 90, wakati sikio la binadamu huishia 20. Madume huimba wakitongoza, kwa sauti za juu tusizoweza kuzisikia. Chumba unachokiona kimya usiku huenda kina zogo.

## Konokono ana akili?

Ana seli za neva makumi ya maelfu, zilizokusanyika katika mafundo yanayozunguka koo. Panya ana kama milioni 70 kwenye ubongo. Hata hivyo konokono hujifunza: akila kitu kikamdhuru, harufu yake huikwepa baadaye.

Udogo huo umewafaa sana wanasayansi, kwa kuwa baadhi ya seli za neva za moluska ni kubwa mno na unaweza kuzitambua mojamoja. Eric Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi ya kumbukumbu iliyofanywa kwa kiasi kikubwa juu ya konokono bahari. Baadaye aliendeleza kazi hiyo kwa panya.

## Wanahisi maumivu?

Panya, ndiyo. Tangu mwaka 2010 kuna kipimo cha kusoma maumivu usoni mwake: macho kubanwa, pua kuvimba, masikio kurudi nyuma.

Kwa konokono sitatoa jibu la mkato. Akiwekwa kwenye sahani yenye joto la nyuzi 40 huinua sehemu ya mbele ya unyayo. Akipewa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kabla ya hapo, huchelewa kuinua, kama ambavyo panya aliyepewa mofini huchelewa kwenye jaribio la namna hiyo. Kwangu hilo latosha kutomwagia chumvi. Chumvi humnyonya maji kupitia ngozi yake laini, na kufa kwake si kwa haraka. Kama lazima umwondoe, mwokote.

## Wanazaaje?

Konokono wa bustani ni huntha: kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Hata hivyo wengi wanahitaji mwenzi. Kabla ya kujamiiana huzungukana kwa muda mrefu, kisha mmoja humchoma mwenzake kwa mshale mwembamba wa chokaa. Mshale haubebi mbegu. Ute ulioupaka huzisaidia mbegu za mchomaji zisiangamizwe ndani ya mwili wa mchomwaji. Baadaye hutaga mayai kama 100 kwenye kishimo cha udongo, hufukia, na kuondoka. Hawaonani tena. Kitoto kikitoka hula ganda la yai lake, ndipo kinapopata madini ya kuanzia gamba.

Mimba ya panya ni siku 19 hadi 21. Huzaa watoto 6 hadi 8 kwa kawaida, kila mmoja ana gramu moja hivi, hana manyoya, haoni. Mama huwanyonyesha wiki tatu, akiwalisha kwa mwili wake ambao tayari ni mlafi. Baada ya wiki sita hivi nao wako tayari kuzaa. Konokono hutaga wengi na kuwaachia bahati. Panya anazaa wachache na kuwagharimia.

## Kuna anayemla mwenzake?

Panya hula konokono, na kirukanjia zaidi. Kirukanjia mwenye mkia mfupi wa Amerika Kaskazini ana mate yenye sumu, na hujiwekea akiba ya konokono hai chini ya ardhi. Mnyama asiyeweza kukaa njaa anatumia kama ghala mnyama anayeweza kukaa njaa kwa miezi.

Visiwani habari imekuwa ya huzuni. Konokono wa miti wa Hawaii waliishi bila panya kwa muda mrefu mno. Panya wakubwa walioletwa na vyombo vya binadamu, pamoja na konokono mla-konokono aliyepelekwa huko mwaka 1955 kupambana na konokono mkubwa wa Afrika, waliwamaliza wengi. Wa mwisho wa aina yake, aliyeitwa George, *Achatinella apexfulva*, alikufa tarehe 1 Januari 2019.

## Wanaambukiza magonjwa?

Kuna mmoja unaowahitaji wote wawili. Mnyoo uitwao *Angiostrongylus cantonensis* huishi katika mishipa ya mapafu ya panya, hasa wale wakubwa. Viluwiluwi vyake hutoka na kinyesi, konokono hula kinyesi, panya hula konokono, na mzunguko unaanza upya. Binadamu huingia kwa bahati mbaya, akila konokono asiyeiva au mboga mbichi yenye kikoa kidogo ambacho hakikuonekana. Mnyoo hupotea njia, huishia kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Pika konokono hadi aive kabisa, osha mboga jani kwa jani, na nawa mikono baada ya kumshika.

## Vipi kichocho?

Kichocho hupitia konokono wa maji baridi. Huyu wa bustanini hahusiki.

## Nimeokota gamba tupu limevunjika. Nitajuaje kama ni panya?

Angalia kingo. Ndege hupiga gamba kwenye jiwe, kwa hiyo utakuta vipande vingi mahali pamoja. Mbawakawa na mabuu yao huingia mdomoni mwa gamba na mara nyingi huliacha zima. Panya huguguna: kingo zina vipengele vipengele, na kwa lenzi unaweza kuona mikwaruzo miwili miwili ya meno ya mbele.

Usilitupe mara moja. Liache palepale kwenye udongo wenye unyevu, urudi baada ya siku kadhaa za mvua. Huenda ukakuta mikwaruzo mingine, myembamba, imejipanga kama mistari ya brashi. Hiyo ni ya konokono mwingine aliyekuja kukwangua chokaa. Hukwangua mifupa pia, na mifupa ya panya imo.